Chupa Juu ya Kabati

Kongosho la Bibi Chausiku lilifanya mfuko wa maji, tumbo likavimba. Daktari Abel, pale mjini Morogoro, akampasua na kumwekea mpira ubavuni, maji yakawa yanashuka kwenye chupa sakafuni.

"Chupa ikilala kavu, bibi, natoa mpira, unakwenda zako nyumbani Kinole."

Bibi akahesabu siku. Jumamosi mjukuu wake Asia anatolewa mwali, naye aliapa kumtangulia mwali huyo uwanjani.

Alhamisi jioni binti yake Semeni akaja kumuuguza, kavaa koti la mitumba linalogonga magoti. Siku zile za ruksa, nguo za nje zilipofunguliwa njia, hata mlimani watu walipendeza. Kuiona chupa, akashika kichwa.

"Yalaa, mama! Maji ya tumboni mwako yanakaa miguuni pa watu? Wakwe wakija nitaficha wapi uso?"

Akaipandisha juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha maua.

Asubuhi akafunua. Hata tone halikuongezeka! Semeni akapiga vigelegele, wodi nzima ikampokea.

Bibi peke yake hakupiga. Tumbo lilimkaza kama ngoma iliyowambwa jana. Akaitazama chupa kule juu. Maisha yake yote alichimba mifereji ya kushusha maji kwenye maharage yake. Akaelewa. Na mlangoni daktari huyo anaingia. Bibi akinyamaza, kesho yuko Kinole.

"Shikamoo bibi. Nasikia tumekauka!"

"Marahaba. Hatujakauka, baba. Huyu mwanangu anataka maji yapande mlima."

Daktari akaona chupa ilivyovikwa maua, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaishusha mwenyewe. Maji yakaja mbio.

"Ungenyamaza nikatoa mpira, ningekupasua tena," akasema.

Semeni akaondoka analia, kesho mwali atatoka bila bibi yake. Jumapili akarudi anacheka.

"Mwali kagoma, mama! Kasema, 'Nimekaa ndani miezi mitatu, wiki moja itaniua? Sitoki mpaka bibi aje.' Wapiga ngoma wamekula wali wetu bure, wamelala."

Bibi akacheka, huku akishika mshono. "Niache, utanipasua wewe!"

Jumatano chupa ililala kavu, safari hii sakafuni. Na Jumamosi ya pili, Kinole, aliyemtangulia mwali uwanjani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika bandeji, alikuwa Bibi Chausiku, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.