Chambo Kwenye Mvua

Mama Pacha alipasua mfuko kwa kisu, akamimina chembe za mahindi ndani ya ndoo, akanusa. Harufu ya mafuta ilikuwapo, kwa hiyo chambo cha sumu kilikuwa bado kizima. Akatoa mfukoni punje ya karanga iliyokaangwa, akaiweka kando ya kichuguu, akachuchumaa kungoja. Ndivyo vibarua wa ofisi ya mji walivyofundishwa kabla ya kupewa glavu: kwanza waulize sisimizi kama wana njaa. Wakiizingira karanga, mwaga. Wasipokuja, funga mfuko urudi nyumbani, maana utakuwa unalisha udongo.

Asubuhi ile hawakuja. Mawingu yalikuwa yameinama hadi kwenye nguzo za umeme, na sisimizi, ambao huijua mvua kabla ya redio, walikuwa wamejichimbia chini.

Mtaani watu waliwaita sisimizi hao wageni. Waliingia na udongo wa maua ambayo ofisi iliyaagiza ng'ambo ili kupamba barabara kubwa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyejali. Mwaka wa pili, watoto walipoanza kurudi na miguu iliyojaa malengelenge, ofisi ilituma gari likapuliza dawa kali kila ua. Wageni walikufa wachache. Chungu weusi, wenyeji waliokuwa wakipigana nao, walikufa wote. Nyumba ikakosa mwenyewe, mgeni akavuta kiti. Tangu hapo nyenje walinyamaza, mijusi wakazihama kuta, na kwale waliokuwa wakitaga kwenye nyasi za bondeni hawakuonekana tena.

Msimamizi alifika kwa pikipiki, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa kijana wa umri wa mdogo wake Mama Pacha wa mwisho, na hakuwa mtu mbaya. Mama Pacha akamwonyesha karanga iliyosusiwa. Akamweleza kwamba chembe ikilowa tu sisimizi hawaigusi, na malkia wao asipolishwa hiyo sumu, kazi yote ni bure. Wangoje siku mbili, jua liwake.

Msimamizi alijikuna shingo. Kesho, alisema, wanakuja wageni wa makao makuu, wageni wa kweli hawa, kutangaziwa kwamba mtaa umesafishwa. Mifuko mitupu lazima iwe imepangwa stoo.

"Dada, mkubwa anahesabu mifuko," alisema kwa sauti ya chini. "Hahesabu sisimizi."

Basi Mama Pacha akamwaga. Mvua ikaanza akiwa ua wa tatu. Chembe zilimganda glavuni kama unga uliokandwa vibaya, na zilizofika chini zilielea kwenye vidimbwi, mafuta yake yakitanda juu ya maji.

Saa saba alifika mwisho wa mtaa, kwa Bibi. Bibi alikuwa amefagia madarasa ya shule ya jirani miaka thelathini, na sasa alikuwa mjane anayeishi na kuku wake. Ua wake haukuwa kwenye orodha. Orodha ilinakiliwa kutoka kwenye hati za viwanja, naye alikuwa na barua tu, ya zamani, iliyomruhusu kukaa pale. Mara tatu alikwenda ofisini, mara tatu akaambiwa faili lake linatafutwa. Na kichuguu kikubwa kuliko vyote kilikuwa nyuma ya banda lake. Kutia chambo kwa majirani na kumruka yeye ilikuwa kuzima moto na kuacha kaa.

"Mwanangu, hebu njoo," Bibi aliita kutoka bandani.

Mayai yalikuwa yanaanguliwa. Kifaranga alipotoboa ganda kwa mdomo, wageni walipitia tundu lile lile. Kuku alikuwa amekimbia kiota, miguu imemvimba, na Bibi alikuwa amepiga magoti akiwatoa sisimizi kwa unyoya, vidole vyake vimeumuka. Mama Pacha akapiga magoti kando yake. Walifuta, wakapuliza, wakavunja maganda. Wengi walikuwa wameshakufa wakiwa wamejikunja. Mmoja alitoka hai, macho yameliwa, akatetemeka kidogo kwenye aproni ya Bibi, kisha akatulia.

"Huyu alikuwa akilia ndani ya yai tangu alfajiri," Bibi alisema. "Nikadhani anaomba kuzaliwa."

Mama Pacha aliinuka. Ulibaki mfuko mmoja, mkavu, na pale chini ya paa la banda palikuwa mahali pekee mtaa mzima ambapo wageni walikuwa wakila. Alikuwa amemwaga kopo moja nyuma ya ubao wa banda pikipiki iliposimama nje.

Msimamizi alichungulia, akaviona vifaranga, akageuza uso. Hakumkaripia. Alisema hapa hapamo kwenye orodha, na kila mfuko una namba ya kiwanja chake. Akauchukua mwenyewe, akampa tena nje ya uzio, akamwonyesha ua wa upande wa pili. Mama Pacha akaumwaga mfuko wote kwenye maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Kisha akaandika jina lake kwenye fomu iliyosema eneo limesafishwa, maana mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na pacha walikuwa ndio kwanza wameanza shule.

Jioni mvua ilipokatika, gari la matangazo lilipita polepole likiwashukuru wananchi kwa ushirikiano. Mama Pacha alirudi kwa Bibi na makopo manne matupu na kipande cha sabuni. Alimkuta anafagia banda.

"Nimesikia wameisha," Bibi alisema. "Niazime kuku mwingine kwa jirani anilalie mayai?"

"Mlalishe juu ya meza, mama. Kila mguu wa meza tuutie kwenye kopo la maji ya sabuni. Hawawezi kuvuka."

Bibi akaegemeza ufagio ukutani. "Na ile karatasi yao, ulitia sahihi?"

"Nilitia."

Bibi alishika kona ya meza kwa vidole vyake vilivyovimba, akaiinua, akaishikilia hivyo mpaka kopo likaingia.