Kukri ya Babu na Mbuzi Asiyetikisika

Naapa kwa maisha ya nguruwe wangu, Meja, kwamba haya yote ni kweli tupu, sikuongeza chumvi hata punje. Anayebisha aje hapa Dharan auulize mtaa mzima wa wanajeshi wastaafu. Ila asimuulize Aitabir Limbu. Huyo ni mwongo tangu tukiwa kuruta.

Kila sikukuu ya Dashain mtaa wetu humtolea mungu wa kike Durga mbuzi mmoja, na shingo yake hukatwa kwa pigo moja la kukri, kile kisu chetu kipana kilichopinda. Likihitajika pigo la pili, mtaa unakula nuksi mwaka mzima: kuku hawatagi, pensheni zinachelewa, wakwe wanakuja kukaa. Na aliyekata hatashika tena kukri mbele za watu mpaka azikwe. Heshima hiyo ni ya ukoo wetu, kwa sababu babu yangu ndiye aliyerudi kutoka vita vya Burma na kukri yenye sifa. Kaka yangu mkubwa alikata miaka mingi kwa kukri yake mwenyewe, bila aibu. Mwaka jana akahamia kwa mwanawe Hong Kong, zamu ikaniangukia mimi.

Na nilikuwa tayari. Yaani mdomo wangu ulikuwa tayari. Kukri ilining'inia ukutani sebuleni, inameta kama jino la dhahabu, na simba wa shaba kichwani mwa mpini. Kila mgeni aliyeketi chini yake nilimpa chai na historia.

"Hii," nilikuwa nawaambia, "babu alikatia mtutu wa kifaru kama muwa. Kipande kikadondoka, askari wa ndani wakachungulia tundu, wakaona uso wa babu, wakajifungia wenyewe kwa ndani. Wapo humo mpaka leo."

Aitabir alikuwa anakunywa chai yangu, na haikumzuia kunikejeli.

"Afande, kukri iliyokata kifaru haina hata mkwaruzo?"

"Chuma kizuri hakikwaruziki."

"Basi tutaiona kwa mbuzi. Ukikosea, mwakani nakata mimi."

"Wewe? Wewe jeshini ulikuwa unakata vitunguu, Koplo."

"Vilikatika," akasema.

Sasa nikuambie kitu ambacho Aitabir hakukijua. Kukri ya babu hasa ilikuwa jikoni. Nyeusi, nzito, mpini wake wa pembe ya nyati umepasuka na kufungwa waya. Iliponiangukia nilipostaafu, niliitazama nikaona haya kuitundika. Nikaenda sokoni, kwenye duka linalouzia watalii, nikarudi na ile yenye simba. Ya babu akaichukua mke wangu, Phulmaya. Anakatia mifupa ya nguruwe, anachanjia kuni, anamenyea tangawizi, na siku moja alizibua nayo bomba la choo cha nje. Kisha anaifuta kwa majivu, na inanyoa ndevu.

Maana ile ilifuliwa Bhojpur, na mtu aliyejua kazi. Chuma chake ni springi ya lori la jeshi. Kikiwa bado chekundu, mfua chuma hakukitumbukiza majini. Alishika birika, akamimina maji polepole kwenye makali peke yake, makali yakawa magumu na mgongo ukabaki laini usivunjike. Babu alichimbia handaki, akafungulia makopo, akatengenezea kitanda. Vitani, nadhani alikatia kuni zaidi ya kitu kingine, lakini hilo mgeni hapaswi kuambiwa.

Ile yenye simba, wiki moja kabla ya sikukuu, niliijaribu kwa siri kwenye mgomba. Mgomba, ndugu yangu, ni maji yaliyosimama. Kukri iliingia nusu, ikasita, na mpini ukacheza mkononi mwangu kama jino la mtoto.

Nikaenda jikoni kwa sauti ya upole.

"Mama Sarita, niazime kile kisu chako siku moja tu."

Hakugeuka. "Kisu gani? Changu mimi, au cha babu yako?"

"Ni kilekile, mama."

"Basi toka nje mbele ya watu useme hivyo. Sema ile ya ukutani umeinunua dukani. Nitakupa sasa hivi, na nitakunolea."

"Phulmaya, mimi ni mtu wa heshima."

"Basi kakate kwa heshima."

Nililala na wazo, nikaamka na mpango. Kwetu mbuzi hakatwi bila ridhaa yake. Anamwagiwa maji mgongoni. Akijitikisa, amekubali, akate mwenye kukata. Asipojitikisa, amekataa, na mungu anapewa tango kubwa jeupe badala yake. Sasa, mbuzi hujitikisa kwa nini? Kwa sababu maji yanamfikia ngozi. Na kama hayamfikii?

Alfajiri ya sikukuu niliingia bandani na chupa ya mafuta ya haradali. Nilimpaka mbuzi kama mama anavyompaka mwanawe juani wakati wa baridi: mgongo, masikio, mapaja, mpaka nyuma ya kwato. Yule mnyama alifurahi sana. Alinilamba.

Watu wakajaa uani, na vikombe vya bia ya ulezi mkononi. Aitabir alishika kamba na mtungi. Mimi nikasimama na kukri yangu juu, simba akiwaka juani.

Akamwaga maji. Yakateleza chini kama yanakimbia deni. Mbuzi akatafuna.

Akamwaga tena. Mbuzi akapiga miayo.

"Huyu ana nini?" Aitabir akamwaga mtungi wote.

"Ameiona kukri ya babu," nikasema kwa huzuni kubwa. "Anaiheshimu, haoni anastahili. Basi, leteni tango, mungu ataelewa."

Watu wakanung'unika, maana tango halina mchuzi. Lakini Aitabir alilileta mwenyewe, akaliweka kwenye gogo.

"Kata basi, Afande. Tango ni sadaka pia. Pigo moja."

Nikacheka moyoni. Tango! Nikainua mikono miwili, nikapiga kwa nguvu zote za kikosi kizima.

Tango liligawanyika kidogo tu. Bapa la kukri likabaki ndani yake, limesimama wima. Mpini ukabaki mikononi mwangu. Simba akaruka, akabingirika uani mpaka miguuni kwa Aitabir, na akatulia hapo akimtazama.

Papo hapo mlango wa jikoni ukafunguka.

"Nani kamaliza mafuta ya haradali?" Phulmaya alitoka na chupa tupu. "Nikaange kwa nini leo, kwa machozi?"

Kila pua uani ikageukia mbuzi. Aitabir akainama, akamnusa sikio, akapitisha kidole mgongoni, akakionja.

"Shemeji," akasema, "mafuta yako yapo hapa. Yamevaa pembe."

Uani kukalipuka vicheko. Aitabir akacheka mpaka kamba ikamtoka, na mbuzi akaondoka. Wanaume saba wenye medali walimrukia, na wote saba walibaki wamekumbatiana, mikono inang'aa mafuta. Mara ya mwisho alionekana anapanda mlima bila haraka.

Vicheko vilipokwisha, ikabaki njaa. Mtaa mzima, siku ya Dashain, bila nyama, wananitazama mimi.

"Afande," Aitabir akasema taratibu, "yule nguruwe wako, Meja, ana afya?"

Phulmaya alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na ile kukri nyeusi, tangawizi bado imeshika kwenye makali. Hakunipa.

"Sema kwanza, Baba Sarita."

Nikasema. Duka, simba, mgomba, mafuta, vyote, kwa sauti ya gwaride ili na wa nyuma wasikie. Kifaru nacho wakanilazimisha nikitaje.

Phulmaya alipotosheka, akampa kukri Aitabir. Yeye akaipima mkononi, akaacha kucheka, akaigusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima.

Nami nikaenda bandani, nikamfungua Meja kamba, na kumleta mwenyewe.