Maua ya Buluu Mpakani

Tuneya, au Mama Dan kwa jina la mwanawe, alikuwa mkulima wa kijiji cha Golbanti, mjane wa miaka sitini na ushei. Shamba lake la mpunga na migomba lilipakana na malka, njia ambayo wafugaji Waorma hushushia ng'ombe mtoni. Mwaka jana alimpokea mgeni wa Uingereza, mwalimu mstaafu aliyekuja kuona makaburi ya zamani ya misheni. Mgeni alikula samaki kwake siku mbili, akashukuru, akaenda zake. Miezi mitatu baadaye pasta wa kanisa lake alimletea bahasha kutoka kwa mgeni huyo. Ndani mlikuwa na pakiti ya mbegu yenye picha ya maua ya buluu, na karatasi ya Kiswahili kilichoonekana wazi kuwa kimetafsiriwa na mashine.

"Panda mpakani baada ya jalidi ya mwisho," karatasi ilisema. "Mmea huu ni dhaifu. Linda mpaka wako dhidi ya jalidi."

Tuneya aliisoma mara tatu. Mpaka aliujua. Jalidi ndiyo iliyomshinda.

Alimuuliza kaka yake, Pekeshe, naye akasema ni aina ya panya. Alipokwenda mjini Garsen aliingia duka la pembejeo, akamuuliza mwenye duka kama ana dawa ya jalidi.

"Imeisha," alisema yule mtu bila kuinua kichwa. "Njoo Alhamisi."

Alikwenda Alhamisi, akaambiwa haijafika. Akarudi nyumbani bila kujua kama jalidi ya mwisho imeshapita au ndiyo inakuja. Mwishowe alipanda tu. Alichimba mstari mmoja mrefu kando ya malka, maana ndiko ulikokuwa mpaka, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Miche ikatoka. Baada ya wiki kadhaa ikachanua, buluu tupu, rangi ambayo hakuwahi kuiona ikiota ardhini kwa wingi namna ile.

Wiki hiyohiyo Qabale aliacha kuja. Qabale alikuwa mke wa Duba, mfugaji wa upande wa pili wa malka, na kwa miaka kumi na tisa alimletea Tuneya maziwa kila asubuhi. Siku ya kwanza Tuneya alidhani anaumwa. Siku ya tatu alimwona kwa mbali, mzima wa afya, akipita na kibuyu chake bila kugeuka. Tuneya alimwita. Qabale aliongeza mwendo.

"Nimemkosea nini?" alimuuliza Pekeshe.

Siku ya tano Duba mwenyewe alikuja na wazee wawili. Hawakuingia uani. Walisimama mbele ya maua wakiyatazama kama watu wanaotazama nyayo za mnyama wasiyemjua.

"Mama Dan," alisema Duba, "nani amekutuma kuweka mpaka hapa?"

"Mpaka? Haya ni maua, Baba Kadra."

"Maua hayapandwi mstari hivi. Hivi ni kupima. Kesho waya, keshokutwa ng'ombe hakuna njia."

"Mimi nimefuata barua tu."

Wale wazee waliangaliana, naye hapo akajua amekosea, ila hakujua amekosea wapi.

"Barua ya nani? Ya ofisi ya ardhi?"

Aliileta. Mzee mmoja aliisoma polepole kwa sauti, hadi akafika pale pa kulinda mpaka dhidi ya jalidi. Akampa Duba karatasi.

"Jalidi," Duba alisema, "ni sisi?"

Tuneya alifungua kinywa akataka kusema hapana. Lakini angewezaje kusema hapana, na yeye mwenyewe hajui? "Wallahi sijui, Baba Kadra," alisema, yeye Mkristo wa kuzaliwa. "Nimeuliza hadi Garsen."

Duba alimpigia simu binti yake, Kadra, aliyekuwa akifundisha Nairobi. Kadra alitafuta maana, akapiga simu tena. Jalidi, alisema, ni umande unaoganda na kuwa barafu juu ya majani, huko kwenye nchi za baridi, na mimea hufa. Na mpaka, alidhani, yule mzungu alimaanisha ukingo tu wa bustani, kando ya ukuta wa nyumba.

"Barafu juu ya majani," Duba alirudia. Jua lilikuwa linawachoma wote wanne. Mzee mmoja alicheka. Duba hakucheka. "Basi yahamishe, mama. Mimi nimeelewa, lakini nitawaeleza watu wangapi?"

Tuneya aliyang'oa jioni hiyo, akayapanda kando ya ukuta wa nyumba. Miche arobaini, iliyoshika ni kumi na mmoja.

Kesho yake Qabale alikuja na maziwa. Alifika mahali mstari ulipokuwa, akasimama, akaita kutoka pale, ilhali zamani aliingia hadi jikoni.

"Pita, dada. Yameshaondoka."

"Najua," Qabale alisema, miguu yake haisogei. "Duba ameniambia ni maua tu. Hata mwanzo nilijua ni maua. Sijui kwa nini niliogopa, na sijui kwa nini naogopa hata sasa."

Tuneya alitoka, akavuka yeye, akapokea kibuyu, na wakabaki wamesimama pale kwenye udongo uliochimbuliwa, wakizungumza habari za mvua.