Kamati ya Mtu Mmoja

Sheria ile waliitunga wenyewe na kuipigia makofi wenyewe: mjumbe yeyote wa kamati ya ushirika aliye na undugu na mwombaji wa nyumba, atatoka nje wakati wa kuamua. Waliinakili kutoka mji mmoja mkubwa, kule ambako mtu hajui hata jina la jirani yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba Llanwyddel ina kaya arobaini na mbili tu, na ukimzaba mtu kibao mwisho huu wa kijiji, wa mwisho ule analia kwa kuwa ni binamu yake.

Basi Jumamosi hiyo asubuhi wakakutana katika chumba cha nyuma cha baa. Baa ile ni yao wote. Waliinunua kwa hisa, pamoja na duka, isije ikawa nyumba nyingine ya wageni wa wikendi, yenye maua mlangoni na giza ndani miezi tisa. Sasa walikuwa wamekarabati nyumba ya zamani ya mwalimu, wapangishe kwa kodi ambayo mtu wa kijijini anaiweza. Nyumba moja, maombi mawili.

La kwanza lilikuwa la Lleucu na mumewe Tudur, wenye watoto watatu, wanaoishi ndani ya karavani inayovuja nyuma ya nyumba ya mama yake Tudur. La pili lilikuwa la Gwion, mtoto wa Ifor wa shamba la Garreg Lwyd. Gwion anakaa Chester, mjini kwa Waingereza, na mke na mtoto mmoja, na ameandika kwamba anataka kurudi nyumbani.

"Lleucu ni mtoto wa dada yangu," akasema Buddug, mwenyekiti, akabeba kikombe chake. "Natoka."

"Mimi ni binamu ya Tudur," akasema Eurwyn, dereva wa basi la shule. "Na Gwion vilevile. Nitoke mara mbili?"

"Toka mara moja, bwana, na ukome," akajibu Buddug.

Kina dada wawili wa Parri wakatoka wakibishana ni bibi yao yupi aliyewaunganisha na Gwion. Ifor akainuka mwisho. Alipofika mlangoni akageuka.

"Morfudd, paa lako bado linavuja?"

"Kidogo tu, Bwana Ifor."

"Jumatatu nitapita. Tuzungumze habari ya hiyo nyumba yako."

Aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtia Morfudd hofu. Nyumba anayokaa ni ya Ifor. Ameipanga tangu mumewe afariki, miaka kumi na mitano sasa, kwa makubaliano ya mdomo na mkate wa zabibu kila Krismasi.

Mlango ukafungwa. Morfudd akatazama viti vitano vitupu.

Alikuja Llanwyddel akiwa bi harusi, kutoka upande wa pili wa mlima. Mumewe naye alikuwa mgeni, mchonga mawe wa machimboni, na watoto Mungu hakuwajalia. Miaka arobaini na moja wamekuwa wakimwita Morfudd wa Ng'ambo. Kwenye kamati walimweka kwa kuwa anajua kuoka na hajui kupinga. Na leo, kijiji kizima, ni yeye pekee asiye ndugu wa mtu.

Akaangalia dirisha. Lilikuwa dogo, na makalio yake hayakuwa madogo. Akaliacha.

Akaanza kusoma zile karatasi. Watoto wa Lleucu ni watatu kati ya kumi na mmoja wa shule ya kijiji. Wakipungua chini ya kumi, shule inafungwa, na Tudur ameshasema Pasaka ikifika bado wako karavanini wataenda Wrexham. Wakihamia huko, mwaka wa kwanza watoto wakisemeshwa lugha ya kwao watajibu kwa Kiingereza, wa pili wataota kwa Kiingereza. Gwion je? Mtoto wake ana miaka miwili. Kazi iko Chester. Kwenye mstari wa "utahamia lini" alikuwa ameandika: *baadaye*.

Jibu lilikuwa wazi kama sahani mezani. Hilo ndilo lililomtisha. Lingekuwa gumu angesema, nilikosea, nisameheni. Hili hakuna wa kumwamini akisema hakuliona. Akaona masanduku yake yametolewa uani, yananyeshewa. Akajiona na miaka sitini na sita yake anagonga milango, na kila mlango una binamu wa Ifor.

"Morfudd, shoga!" Buddug akaita kwa nje. "Umekufa?"

"Bado!"

"Basi fanya haraka, huku chai imekwisha!"

Akainuka. Akazikusanya zile karatasi. Akafungua mlango.

"Lleucu," akasema. Sauti ikatoka kama ya kifaranga, ikabidi arudie. "Nyumba ni ya Lleucu na wanawe."

Buddug akafunika mdomo. Eurwyn akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Ifor akavaa kofia yake, akatoka, na gari lake wakalisikia likiondoka polepole. Angeondoka kwa hasira, Morfudd angepumua.

"Umefanya vizuri," Buddug akamnong'oneza.

"Nisindikize basi nyumbani."

"Ah, mwenzangu, mimi nina samaki jikoni."

Akaenda peke yake. Alipopinda kona ya kanisa akaliona lile gari, limesimama mbele ya lango lake. Jumatatu ilikuwa imemfuata siku ileile ya Jumamosi. Angeweza kurudi, lakini arudi wapi? Akaenda, hatua kwa hatua, hadi akafika kwenye dirisha la gari. Ifor akashusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mtoto wa Gwion hanielewi," akasema. "Namwambia kwa lugha yetu njoo kwa taid, njoo kwa babu, ananiangalia kama ng'ombe wa jirani. Mjukuu wangu, Morfudd!"

"Pole, Bwana Ifor."

"Nitaihitaji nyumba yako. Nimweke Gwion humu. Sifanyi kwa kukukomoa."

Na kweli hakuwa akimkomoa. Kibaya zaidi, Morfudd alipojaribu kukasirika, akajikuta anapiga hesabu ileile ya chumba cha nyuma: upande huu familia yenye mtoto, upande ule kizee mmoja na sufuria zake. Angekuwa yeye kamati hapa pia, angejihamisha mwenyewe.

"Atakuja kweli?" akauliza. "Kukaa? Au wikendi tu?"

Ifor akashika usukani kwa mikono miwili ilhali gari halikuwa linakwenda.

"Hajasema."

"Basi muulize kwanza. Akikubali, niandikie barua, unipe miezi yangu ya kisheria ya kuhama. Asipokubali, uje na vigae vya paa."

Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Akageuka kabla Ifor hajajibu, akaingia ndani. Llanwyddel hakuna anayefunga mlango mchana. Morfudd akazungusha ufunguo, akakaa chini sakafuni ameegemea mlango, akasikiliza gari ambalo lilikuwa bado halijaondoka.