Kabati la Vikohozi

Jumanne asubuhi, kabla ya chai, Katibu alifuta meza mara mbili. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka cheusi, mara ya pili kijivu, na katika mtaa ule kijivu ndicho kilichoitwa safi. Akatandika gazeti, akaweka juu yake fomu ya malalamiko, akavaa miwani na kuanza kusoma sehemu ya saba.

Alikuwa mpiga chapa mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alichapa barua za wakubwa bila kukosea herufi, na kazi hiyo ilimwachia vidole vilivyopinda na imani moja: kwamba fomu ikijazwa vizuri, lazima kuna mtu mahali fulani atakayeisoma. Akina mama wa mtaa walipounda kamati ya kupambana na moshi, hapakuwa na haja ya kupiga kura kumpata katibu. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Alisema yeye atapiga kelele, mwenzake aandike.

Moshi ulitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kila alasiri ulishuka mtaani na kuingia chumba hadi chumba bila kubisha hodi. Watoto walikohoa. Mjukuu wa Katibu, binti wa miaka sita aliyekuwa akilelewa na bibi yake, alikuwa na kikohozi kilichomkatiza hata hesabu. Akifika nne, tano anaikohoa. Zahanati walimpa dawa ya maji, ikaisha, wakampa nyingine, nayo ikaisha. Kikohozi kilibaki pale pale.

Kamati ilikwisha kulalamika mara mbili. Malalamiko ya kwanza yalirudishwa kwa kukosa vielelezo. Ya pili yalikuwa na picha za mashuka yaliyoanikwa meupe na kuanuliwa meusi, nayo yakarudi na maneno ya wino mwekundu: shuka ni kielelezo cha shuka, si cha afya. Sasa Katibu alisoma sehemu ya saba polepole, kidole kikifuata mstari. Iliandikwa, ambatanisha kielelezo chenyewe.

"Chenyewe," akasema. Akachukua bahasha ya kaki, akamwita mjukuu wake.

"Kohoa humu."

"Chote, bibi?"

"Chote, mama. Usibakize."

Mtoto akakohoa mpaka machozi yakamlenga. Katibu akalamba gundi, akafunga, akaandika juu jina, umri na tarehe. Bahasha ilikuwa vuguvugu, na kila baada ya muda ilishtuka kidogo. Akaibana kwenye fomu kwa pini mbili, maana pini moja hakuiamini.

Katika ofisi ya mazingira, karani wa masjala aliiweka bahasha sikioni, akasikiliza.

"Kikavu," akasema.

"Kikavu. Ila asubuhi huwa na makamasi kidogo."

Karani akaandika kwenye daftari: kikohozi kimoja, kikavu, asubuhi makamasi. Akagonga muhuri. "Sasa ni mali ya jalada, mama. Hakitoki hapa mpaka jalada lifungwe."

Aliporudi alimkuta mjukuu uani kwa Mwenyekiti, anaruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Alikuwa amefika arobaini na tatu. Katibu akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa kwikwi. Hakuwa amelia tangu mtoto aanze kuugua. Hakuwa amepata nafasi.

Mwenyekiti alipoelezwa hakuuliza maswali mengi. Aliuliza tu bahasha ziwe za ukubwa gani. Kufikia mwisho wa mwezi, masjala ilikuwa imepokea vielelezo thelathini na saba, vikavu ishirini na sita, vya makohozi kumi, na kimoja cha pacha wawili waliozoea kukohoa pamoja na kukataa kutenganishwa.

Karani akavipa kabati la chuma kwenye kona, mbali na dirisha. Alasiri, moshi ulipokuwa ukishuka huko mtaani, kabati lilianza kukohoa. Lilikohoa hadi vitasa vikagongana. Wenzake walilalamika kwamba hawasikii simu, lakini karani alikuwa mtu wa utaratibu: kilichopokelewa kimepokelewa. Likizidi, aliinuka akalipigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto, akaweka kikombe cha maji ya moto juu yake. Kabati likatulia, naye akarudi kwenye barua zake.

Katibu alikuwa akienda kila Ijumaa kuulizia jalada. Alikaa kwenye benchi na, katikati ya kelele zote zile, alikitambua kikohozi cha mjukuu wake, maana alikuwa amekisikiliza miaka miwili. Kila wiki aliambiwa jalada liko kwa mkaguzi, mkaguzi yuko safarini, mkaguzi amerudi lakini ana kikao. Zamani danadana kama hizo zingempandisha presha. Sasa aliitikia "haya, baba," akanunua ndizi njiani, akaenda zake nyumbani kumsikiliza mtoto akiimba.

Miezi tisa ikapita hivyo. Moshi ulikuwa ule ule. Mabango ya kamati yalikuwa yamesimama nyuma ya mlango wa Mwenyekiti, na kuku walitaga chini yake.

"Katibu," Mwenyekiti alisema siku moja, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Mwezi wa tisa huu sijamtukana mtu yeyote pale kiwandani. Naumwa?"

"Huumwi. Mwanao amelala vizuri, na wewe umelala."

"Basi ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mwenyekiti akakanyaga cherehani, akashona mshono mzima.

Barua ikaja Jumatatu. Ilikuwa fupi na imechapwa ovyo, Katibu akaona makosa mawili kabla hajafika katikati. Malalamiko yangetolewa uamuzi siku ya Alhamisi. Baada ya hapo jalada lingefungwa, na wahusika walitakiwa kufika wenyewe kuchukua vielelezo vyao.

Akina mama walikutana kwa Mwenyekiti, wengine wakiwa wamesimama kwa kukosa viti.

"Tukishindwa, vinarudi," Mwenyekiti akasema.

"Vinarudi," Katibu akajibu.

"Na tukishinda?"

"Jalada linafungwa vile vile. Vinarudi."

Mama wa pacha akaanza kulia. Mwenyekiti akamshika bega. "Sisi ndio tuliopigania uamuzi huu," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Mimi niliupigania mpaka koo likakauka." Hakuna aliyelala vizuri siku zilizofuata, isipokuwa watoto.

Alhamisi walijaa ofisini mpaka koridoni. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye tai fupi. Alisoma kwamba hewa ya mtaa ilipimwa kitaalamu na kukutwa salama, vipimo vikiwa vimechukuliwa siku tanuri lilipozimwa kwa matengenezo. Alisoma na hilo pia, kwa sauti ile ile, akapindua karatasi. Malalamiko yametupiliwa mbali. Vielelezo virudishwe kwa kufuata namba.

Karani akafungua kabati. Vikohozi vyote thelathini na saba vikatoka kwa mkupuo, ikabidi chumba kizima kivisubiri vimalize. Akatoa bahasha ya kwanza, akaiweka mezani mbele ya Katibu pamoja na daftari.

"Saini hapa, mama. Ukishasaini, ni chako."

Bahasha ilikuwa imechakaa pembeni. Ilishtuka mara moja, ikasogea kuelekea kwake, kwani kikohozi nacho kilimjua. Katibu akashika kalamu. Akilini alimwona mtoto kwenye kamba, ameishia nne. Lakini macho, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, yakaenda yenyewe chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo ambayo wakubwa hawayasomi.

"Kuna rufaa," akasema.

Mkaguzi akaangalia. "Ipo. Lakini ukishapokea kielelezo, huwezi kukata rufaa."

"Sijapokea. Sijasaini. Nisipopokea kinakaa wapi?"

Karani akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole. "Kinabaki masjala hadi rufaa iamuliwe." Akapiga chafya ndogo isiyo na sababu. "Ila rufaa iwasilishwe kabla ya kufunga jalada. Naligonga muhuri sasa hivi."

"Gonga," mkaguzi akasema, akitazama saa.

Karani akaanza kutafuta kidau cha wino. Akafungua droo ya juu, akafungua ya chini, akainama chini ya meza, akamwuliza mwenzake, akarudi kwenye droo ya juu. Kidau kilikuwa mbele yake, kando ya kiwiko. Katibu aliandika amesimama, karatasi juu ya mgongo wa Mwenyekiti, ambaye aliinama bila kuambiwa. Akaandika kwamba hewa ya siku tanuri limezimwa si hewa wanayoivuta. Akaandika kwamba kupumua ni haki hata ya asiye na namba ya jalada. Hakukosea hata herufi moja. Akaweka nukta ya mwisho, karani akauona wino.

Muhuri ukagongwa, kwenye rufaa. Bahasha ikarudi kabatini, mlango ukafungwa, na pumzi iliyowatoka akina mama ikapeperusha karatasi zote za mezani.

"Rufaa huchukua muda," mkaguzi akaonya, akiziokota.

"Muda gani, baba?"

"Inayosikilizwa sasa ililetwa miaka kumi na minane iliyopita."

Katibu akapiga hesabu. Mtoto atakuwa na miaka ishirini na minne, pengine ameshaondoka mtaani. Akafurahi hadi ikabidi ashike meza. Aibu ya kufurahia jambo lile ikamjia mara moja, akaiacha ikae. Furaha haikuondoka kuipisha. Koridoni Mwenyekiti alicheka mpaka akaketi sakafuni, na alipofuta machozi akasema kiwanda kimeongeza bomba la pili, walikuwa wameliona?

"Nimeliona," Katibu akasema. "Njoo twende."

Jioni ile ile jirani wa nyumba ya kona akaja na mtoto mchanga begani, ana miezi mitatu hata shingo haijakaza vizuri.

"Katibu, huyu ameanza jana."

Katibu akaweka sikio kwenye kifua kidogo, akasikiliza. Kikohozi bado kilikuwa kidogo sana, kikikwaruza tu. Nje mjukuu wake alikuwa amepita mia moja na ishirini.

"Mlete kesho masjala, saa mbili na nusu," akasema. "Wana nafasi."

Jirani akashusha pumzi. "Mungu akubariki," akasema, akambusu mkono, akaondoka anatabasamu ndani ya moshi.