Baba wa Nicodemus

Mimi niliolewa na mwanamke, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Weigesa alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Alitoa ng'ombe kwa baba yangu, akanileta kwake nje kidogo ya Isebania ili niizalie nyumba yake mrithi. Ndiyo mila yetu sisi Wakuria. Miaka yote hiyo hakuniita Marcella hata siku moja. Aliniita "nyumba yangu", nami nilipenda kuitwa hivyo, maana kwetu nilizoea kuitwa kwa makofi.

Nicodemus alizaliwa Sirare. Nilikuwa nimevuka mpaka kwenda kuuza ndizi, uchungu ukanishika sokoni, na uchungu haumngoji mtu arudi Kenya kwanza. Mwanamume niliyezaa naye alikuwa wa huko huko Tanzania, lakini kwa mila yeye si baba wa yeyote. Baba ni mwenye ng'ombe. Tuliishi hivyo bila shida mpaka kijana alipokwenda kuomba kitambulisho. Ofisini wakamwambia Katiba inasema aliyezaliwa nje ni Mkenya ikiwa baba yake ni Mkenya. Baba yako ni nani? Akawajibu, Weigesa. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Baadaye polisi wakamkamata barabarani mara mbili wakamsukuma ng'ambo, na wa Sirare wakamrudisha kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Ndipo tukamtafuta wakili, Bwana Arasa, na mwaka 1996 jaji wa Mahakama Kuu akatusikiliza Homa Bay. Nilitarajia mtu mkali. Kumbe alikuwa mzee mpole, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu angekuwa mkali ningemchukia nikapumzika.

Weigesa aliapa, akasimama kizimbani na fimbo yake.

"Mimi ndio baba yake," alisema. "Ng'ombe nilitoa mimi. Na mimi ni Mkenya."

Jaji alifungua kitabu cha Katiba, akasoma taratibu, akakifunga.

"Mama, walioandika neno hili walimaanisha mwanamume. Siwezi kuwaandikia upya." Lakini alikuwa hajamaliza. "Hata hivyo, sidhani walitaka mtoto akose nchi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mzazi wake mbele ya sheria ni mama. Kwa mtoto wa namna hiyo, palipoandikwa baba nitasoma mama."

Wakili wa serikali akainuka kama aliyeumwa na siafu. Mahakama inaheshimu mila, alisema, na kwa mila ya Wakuria huyu Marcella ni mke wa mtu. Basi mtoto amezaliwa ndani ya ndoa.

Jaji akamgeukia Weigesa. "Ni kweli? Huyu ni mke wako?"

Nikaona tulipofikishwa. Akisema ndiyo, mwanangu hana nchi. Akisema hapana, nyumba yake haina mrithi, na shemeji yake Mochama alikuwa ameketi benchi la nyuma, mtu aliyelimezea mate shamba lile tangu siku kaka yake alipozikwa. Weigesa alinitazama. Yeye ni Msabato, mtu asiyeapa ovyo, na Biblia ilikuwa bado iko pale mbele yake.

"Hapana," akasema. "Ni mfanyakazi wangu."

Jaji akaandika. Nicodemus akawa Mkenya. Nje, Bwana Arasa alitushika mkono, akatuambia tufurahi, kesi kama hii itasomwa na wanafunzi wa sheria. Nilitamani kumzaba kofi.

Mochama alikuja wiki ile ile kitambulisho kilipotoka, nakala ya hukumu ameikunja mkononi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, hakuna mtu anakufukuza," alimwambia Weigesa. "Utakaa hapa mpaka Mungu akuite. Lakini huyu kijana, korti imesema ni mtoto wa mfanyakazi. Shamba itarudi kwa wenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mfanyakazi, leta chai."

Sikuondoka. Nilimngoja Weigesa, maana yeyote aliyewahi kunivunjia heshima katika boma lile aliondoka na alama ya fimbo yake. Na kweli aliishika fimbo. Akafungua mdomo. Nicodemus alikuwa amesimama mlangoni, kitambulisho kipya mfukoni mwa shati, na Weigesa akamwona. Neno moja tu mbele ya Mochama lingerudi Homa Bay likiwa ushahidi, na kijana angesukumwa tena ng'ambo.

Akaiweka fimbo chini.

"Lete chai," akasema bila kuniangalia. "Lete chai, Marcella."

Nilikwenda jikoni nikalia mpaka maji yakachemka. Kisha nikaleta vikombe viwili, cha mgeni na cha mwajiri wangu.