Salamu za Raudha

Mwaka tisini na sita, redio za watu binafsi zilipoanza kushindana mjini, tuliambiwa sasa kila mtu ana sauti. Kweli, hata mwoga alipewa yake. Alinunua kadi ya salamu, akaandika uchafu wake, akatia jina la uongo, na mtangazaji akausoma huku anacheka. Watu wa Tandika leo wanajifanya wamesahau.

Mwanabaraka, muuza vitumbua, alikuwa na mbalanga: mabaka meupe mikononi na shingoni. Mumewe alimwacha kwa hayo, akamchukua binti yao Raudha na kumpeleka kwa shangazi yake Bunju, eti mtoto asiambukizwe. Daktari alisema haiambukizi. Nani alimsikiliza? Miezi minane hakumtia mwanawe machoni. Kilichobaki ni redio, Jumamosi saa tisa: “Raudha wa Bunju anamsalimu mama yake kipenzi, anasema siku hizi anajua kusonga ugali.” Maneno kama hayo yalimtosha wiki nzima.

Ndipo mwoga akaingia. “Salamu kwa Chui wa Tandika! Mnaokula vitumbua vyake, chunguzeni ngozi zenu!”

Mtaa ukacheka. Wateja wakakata mguu. Kadi zikaendelea, kila Jumamosi. Mwanabaraka akaacha kula, usingizi ukamhama, akawa hatoki bila kujifunika hadi vidoleni. Lakini kuizima redio hakuweza, maana mwanawe alikuwa humo humo.

Filomena, mwalimu wa kutoka Songea, mpangaji mwenzake, akaja juu. “Dada, hiyo redio itakuua. Lete chumbani kwangu, nisikilize mie. La mwanao nitakuletea, uchafu utaishia huku.”

“Na ukipitiwa?”

“Nasahihisha madaftari ya watoto themanini, nitashindwa na kadi?”

Wiki tatu mambo yalikwenda. Mwanabaraka akaanza kula, akalala.

Jumamosi ya nne mtangazaji akasema, “Na hii ni ya Chui wa Tandika...” Filomena akaizima redio kwa hasira. Alipoiwasha tena, ulikuwa unapigwa muziki.

Mara Somoe, jirani wa nyumba ya pili, huyo mlangoni kwa Mwanabaraka. “Shoga, umemsikia Raudha? Kasema, ‘Huyo mnayemwita Chui wa Tandika ndiye mama yangu!’ Mtangazaji mwenyewe kanywea!”

Mwanabaraka akasimama. “Kisha akasemaje?”

“Hapo tena nilikuwa naepua sufuria.”

Filomena akatokeza chumbani kwake, kajishika kichwa. “Nisamehe, dada. Nilidhani ni yule mshenzi.”

“Ulikuwa unanilinda. Sina kinyongo.” Alisema hivyo, lakini miguu ilikuwa imeshafika uani. Akatoka bila kukumbuka kujifunika.

Alianzia kwa Mfaume fundi cherehani, ambaye baraza lake ndilo lililocheka kuliko yote.

“Kaka Mfaume, mlikuwa mnasikiliza salamu. Mwanangu alisema nini?”

Mfaume hakuinua macho. “Alisema... amerefuka. Eti siku mtakayoonana atakufikia begani.”

“Halafu?”

“Halafu sie tulikuwa tunapiga kelele. Kamuulize Badru.”

Mwanabaraka akajishika bega, akasimama hivyo kidogo. Kisha akaenda kwa Badru, na kutoka kwa Badru nyumba iliyofuata. Hadi inaadhiniwa magharibi alikuwa ameshabisha hodi milango kumi na mmoja ya watu waliomcheka, mabaka yake wazi, na bado anawauliza mwanawe alimalizia kwa neno gani.